Tunawapima vibaya wakemia wetu wa dawa

Katika kliniki ya wajawazito ya Muheza au Kisumu, mama hupewa vidonge vya SP na kuvimeza mbele ya muuguzi, ili yeye na mtoto aliye tumboni wakingwe na malaria. Mtu anayeishi na VVU huandikiwa Septrin asije akashambuliwa na nimonia. Mzee aliyetokwa na mkanda wa jeshi hupewa asikloviri, na jirani yake anayesumbuliwa na jongo hutoka duka la dawa na alopurinoli. Wagonjwa hawa wanne hawafanani kwa ugonjwa wala kwa umri, lakini dawa wanazomeza ni za ukoo mmoja wa fikra. Mizizi yake iko katika maabara za kampuni ya Burroughs Wellcome nchini Marekani, kwenye kundi lililoanzishwa na George Hitchings ambalo mwaka 1944 lilimpokea mkemia wa miaka 26 aitwaye Gertrude Elion. Mwaka 1988 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na James Black wa Uingereza. Elion alifariki mwaka 1999, na mpaka leo hakuna hospitali ya wilaya Afrika Mashariki inayoweza kufanya kazi wiki nzima bila kugusa matunda ya maabara ile.

Naitaja kazi yake kwa sababu ya swali linalozihusu taasisi zetu moja kwa moja: tunajuaje kwamba mkemia wa dawa amefanya kazi yenye uzito? Siku hizi jibu limefupishwa mno. Huhesabiwa makala alizochapisha, mara ambazo makala hizo zimetajwa na wengine, na shahada alizonazo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachojulikana leo kwa herufi moja, h: mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20. Urahisi wake ndio ulioeneza matumizi yake. Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vya ajira na upandishaji vyeo vinavyompa mhadhiri alama kwa machapisho yake, na vyuo vingi vya ukanda huu vinakwenda kwa mtindo wa aina hiyo. Naamini kipimo hiki kinaipotosha kazi ya mkemia wa dawa kuliko kinavyopotosha kazi nyingi nyingine za kisayansi. Thamani ya kazi hiyo hukomaa polepole, na mara nyingi hukomaa mikononi mwa watu ambao mkemia mwenyewe hajawahi kukutana nao. Tukiendelea kuhesabu kama tunavyohesabu, tutawakatisha tamaa hasa wale tunaowahitaji.

Tuanze na shahada. Elion alizaliwa New York mwaka 1918, binti wa daktari wa meno aliyehamia kutoka Lithuania. Mtikisiko wa uchumi wa 1929 uliifilisi familia yake, na aliweza kusoma kwa sababu tu Hunter College, chuo cha wanawake, hakikutoza ada. Babu yake alikufa kwa saratani ya tumbo yeye akiwa na miaka 15, na hapo ndipo alipoamua kusoma kemia. Alimaliza mwaka 1937 kwa alama za juu kabisa, akaomba ufadhili wa masomo ya juu katika vyuo kumi na vitano, akakataliwa kote. Maabara nyingi hazikutaka mwanamke; moja ilimwambia wazi kwamba angewavuruga wanaume kazini. Akafundisha wauguzi kwa miezi michache, akajitolea maabara bila mshahara, akafundisha sekondari mchana huku akifanya utafiti usiku na mwisho wa wiki, na mwaka 1941 akapata shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha New York. Kazi yake ya kwanza ya kueleweka ilikuwa kupima ubora wa vyakula kwa ajili ya maduka ya vyakula. Baada ya kuingia Burroughs Wellcome alianza uzamivu jioni kwenye chuo cha Brooklyn, mpaka mkuu wa kitivo alipomtaka aache kazi asome muda wote. Akachagua kazi. Kwa hiyo mtu aliyebadili namna dawa zinavyotengenezwa duniani hakuwahi kusomea na kumaliza uzamivu. Udaktari aliokuwa nao baadaye ni wa heshima, aliotunukiwa na vyuo vilivyoona kazi ikiwa imeshafanyika.

Sidai kwamba mafunzo ya uzamivu hayana maana. Kwa wengi ndiyo njia pekee ya kujifunza utafiti chini ya mtu anayeujua. Ninachosema ni kwamba Elion alipata mafunzo hayo kwa Hitchings, kazini, kwa sababu Hitchings alimwachia ajifunze kemia, kisha biokemia, kisha elimu ya kinga ya mwili na ya virusi, bila kumfungia kwenye chumba kimoja. Kamati ya ajira inayosoma cheti pekee isingemwona. Na kwa wanawake wa ukanda huu wanaokatisha masomo ya juu kwa sababu ya ada, ndoa au uzazi, huku wakiendelea kuendesha maabara za hospitali na za viwanda, suala hili si la historia ya Marekani tu.

Sasa tuitazame fikra yenyewe, maana hapo ndipo uzito wa kazi ulipo. Kabla ya miaka ya 1940 dawa nyingi zilipatikana kwa kujaribu: mkemia alitengeneza vitu vingi, akavimwaga juu ya vimelea, akangoja kuona kipi kitaua. Hitchings na Elion waliuliza swali lingine. Kila seli inayogawanyika, iwe ya binadamu, ya bakteria, ya kimelea cha malaria au ya saratani, lazima itengeneze asidi za kiini, na ili izitengeneze inahitaji malighafi ziitwazo purini na pirimidini. Je, kuna tofauti ndogo kati ya seli hizi katika namna zinavyotumia malighafi hizo? Kama ipo, mkemia anaweza kuunda molekuli inayofanana na purini ya kweli kiasi cha kuihadaa seli moja na kuiacha nyingine salama. Ni kama kumpa fundi tofali lililo sawa kwa umbo na mengine lakini limepasuka kwa ndani: atalipanga ukutani, na ukuta wake hautapanda tena. Walianza kazi hii karibu miaka kumi kabla ya Watson na Crick kueleza umbo la DNA mwaka 1953. Hitchings alimkabidhi Elion purini, na Elion akakaa na purini kwa takriban miaka arobaini.

Matunda ya kwanza yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Elion alibadilisha atomu ya oksijeni kwenye purini moja kwa atomu ya salfa, akapata merkaptopurini. Wakati huo mtoto aliyepatwa na saratani kali ya damu kwa kawaida aliishi miezi mitatu hadi minne. Kwa merkaptopurini muda huo ulifika takriban miezi kumi na miwili, na dawa ikaidhinishwa Marekani mwaka 1953, miaka miwili hivi baada ya kutengenezwa. Wengi wa watoto wale walirudiwa na ugonjwa wakafa, jambo lililomuumiza Elion na kumfanya atumie miaka kufuatilia nini hasa huipata dawa hiyo ikishaingia mwilini. Ufuatiliaji huo, ambao kwa hesabu za leo ungeonekana kama kuganda mahali pamoja, ndio ulioleta mengine. Merkaptopurini yenyewe bado ni sehemu ya matibabu ya watoto wenye saratani ya damu, ikiunganishwa na dawa nyingine ambazo kwa pamoja, pale zinapopatikana zote kwa wakati, huponya wengi wao.

Tazama jinsi njia ilivyopinda baada ya hapo. Mwaka 1958 Robert Schwartz na William Dameshek wa Boston waligundua kwamba merkaptopurini huzuia sungura wasitengeneze kinga dhidi ya kitu kigeni. Roy Calne, daktari mpasuaji wa Uingereza, aliposoma habari hizo akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo, kisha akawasiliana na Hitchings na Elion akitaka molekuli bora zaidi. Wakampa azathioprini, ambayo Elion alikuwa ameitengeneza akitafuta dawa ya saratani. Mwaka 1962 Joseph Murray alitumia dawa hiyo kufanikisha upandikizaji wa figo kutoka kwa mtu asiye ndugu wa mgonjwa. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, dawa mpya zaidi zilikuwa zimeshaingia, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na kidonge kilichotafutwa kwa kusudi lingine kabisa. Alopurinoli nayo ilizaliwa pembeni: Elion alitaka kukizuia kimeng'enya kinachoiharibu merkaptopurini mwilini, akakuta kwamba kimeng'enya hichohicho ndicho kinachotengeneza asidi ya yuriki, chanzo cha maumivu ya jongo.

Asikloviri ndiyo inayonishawishi zaidi. Mwaka 1948 Elion na wenzake walikuwa wameona kwamba moja ya purini zao, diaminopurini, inazuia kirusi fulani kwenye maabara, lakini sumu yake ilikuwa kubwa mno, wakaiweka kando. Ikakaa kando miaka ishirini. Mwaka 1968, zilipomfikia Elion habari za molekuli iliyo jamaa ya diaminopurini inayozuia virusi, akarudi pale alipoachia. Kundi lake, ambamo Howard Schaeffer alikuwa na sehemu kubwa, likafika kwenye asikloviri, na mwaka 1977 wakachapisha maelezo ya namna inavyofanya kazi: seli isiyo na maambukizi karibu haiitambui, ila kimeng'enya cha kirusi cha hepesi chenyewe ndicho kinachoiwasha, na ikishawashwa hukizuia kirusi kujinakili. Wengi walikuwa wakiamini kwamba kirusi hakiwezi kushambuliwa kwa dawa bila kumdhuru mwenyeji wake. Imani hiyo ilivunjika hapo. Elion alistaafu mwaka 1983, na watu aliowafunza katika maabara ileile walishirikiana na watafiti wa serikali ya Marekani kuonyesha kwamba zidovudini, yaani AZT, molekuli iliyotengenezwa na Jerome Horwitz mwaka 1964 na kuachwa, inazuia VVU. Iliidhinishwa mwaka 1987. Elion hakudai kuwa ameigundua. Alikuwa amewafundisha waliojua pa kuangalia.

Kipimo chochote cha kila mwaka kingesema nini juu ya wazo lililolala kuanzia 1948 hadi 1968? Kingesema limekufa. Na kingesema nini juu ya zidovudini? Kingemwandikia Elion sifuri. Wakati huohuo Afrika Mashariki ilikuwa inaingia katika miaka ambayo molekuli hiyo ingeamua nani azaliwe salama. Majaribio ya PETRA, yaliyofanywa Tanzania, Uganda na Afrika Kusini, yalionyesha kwamba zidovudini na lamivudini zikitolewa pamoja kwa muda mfupi hupunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika wiki za mwanzo, ingawa faida hiyo ilipungua kadiri watoto walivyoendelea kunyonya. Huko Uganda vijijini, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba Septrin ikitolewa kila siku kwa watu wenye VVU hupunguza vifo kwa asilimia 46. Septrin ni muungano wa sulfamethoksazoli na trimethoprimu, na trimethoprimu ilitoka kwenye tawi la pirimidini la kundi la Hitchings, lililofanyiwa kazi zaidi na wakemia wengine kama Elvira Falco. Pirimethamini iliyomo ndani ya SP ilitoka tawi hilohilo. Zote mbili hushika kimeng'enya kimoja cha bakteria au kimelea kwa nguvu kubwa mno kuliko zinavyokishika cha binadamu, na hiyo ndiyo ile tofauti ndogo iliyotafutwa tangu mwanzo.

Historia ya pirimethamini kwetu ina upande mchungu pia, na mtu anayepima athari kwa uaminifu lazima auseme. Mnamo miaka ya 1950, muda mfupi baada ya dawa hiyo kuanza kutumika, watafiti waliokuwa Tanganyika walikuwa wameshaandika kuhusu vimelea sugu. Kenya iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania ikafuata 2001, lakini usugu ulikuwa unapanda, na Tanzania ikahamia dawa ya mseto mwaka 2006. Leo SP imebaki zaidi kama kinga ya wajawazito. Hakuna kati ya haya linalosomeka katika idadi ya makala. Maarifa ya kundi la Hitchings ndiyo yaliyowezesha watafiti kuutambua usugu huo hadi kwenye badiliko mojamoja la jeni, kwa kuwa kimeng'enya kinacholengwa kilikuwa kinajulikana. Dawa iliyoeleweka inapochoka, huacha nyuma yake ramani ya mahali pa kuanzia tena. Dawa iliyopatikana kwa kubahatisha haiachi kitu.

Msomaji makini ataniuliza: si Elion alichapisha makala zaidi ya 225 na kuwa na hataza 45? Kwa hesabu yoyote angeshinda, sasa ugomvi uko wapi? Ni kweli angeshinda, akiwa na miaka 65. Upandishaji vyeo hauwangojei watu miaka arobaini. Unawapima kila baada ya miaka mitatu au minne, na katika vipindi hivyo vifupi ndipo mtafiti anapoamua abaki na swali gumu au alikimbie. Kwetu jambo hili lina sura inayoonekana wazi. Tuna utajiri wa mimea ya tiba na wakemia hodari wa kuichambua. Mkemia huchukua mzizi au gome, hutenganisha viambato vyake, huonyesha kwamba kimojawapo kinaua bakteria au vimelea kwenye kisahani, huchapisha. Kazi hiyo ni halali na inahitajika. Lakini mfumo unaolipa kwa chapisho humwambia ahamie mmea unaofuata, kwa kuwa mmea mpya ni makala mpya, ilhali kubaki na kiambato kilekile, kukibadilisha kipande kwa kipande, kuuliza kinagusa kimeng'enya gani na kwa nini kinamdhuru au hakimdhuru panya, ni miaka mitano yenye makala mbili. Tumejaza majarida orodha za viambato vyenye kutia matumaini ambavyo hakuna aliyelipwa kuvifuatilia, na aliyevitenganisha ameshaenda kwenye mmea mwingine kwa sababu mwajiri wake amemtaka afanye hivyo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu ninaowaheshimu, waliokaa kwenye kamati za vyuo. Wanasema namba zililetwa ili kukomesha upendeleo. Kabla ya kuhesabu makala, cheo kilitegemea unamjua nani, unatoka wapi, na mkuu wa idara amekuamkia vipi. Namba haina kabila wala ujomba. Hoja hii siwezi kuipuuza, na yeyote anayetaka namba zifutwe bila kueleza kitakachozuia upendeleo anacheza na haki za wahadhiri vijana. Lakini namba nazo zimekwisha kupata njia zake za panya. Majarida yanayochapisha chochote kwa malipo yamefanya idadi kuwa kitu cha kununuliwa. Majina ya wakubwa huongezwa kwenye kazi ambazo hawakuzigusa, na marafiki hutajana ili marejeo yapande. Mhadhiri maskini na mwaminifu, asiye na fedha za kulipia majarida hayo, ndiye anayeumia. Azimio la San Francisco la kuhusu upimaji wa utafiti, lililotangazwa mwaka 2013, lilizitaka taasisi ziache kutumia umaarufu wa jarida badala ya kuisoma kazi yenyewe. Ulinzi dhidi ya upendeleo unapatikana kwa namna nyingine: wasomaji wawili au watatu kutoka nje ya nchi na nje ya duara la urafiki, maoni yao yaandikwe, mhusika aonyeshwe na awe na haki ya kujibu. Maoni yaliyoandikwa na kutiwa sahihi yanaweza kukatiwa rufaa. Jumla ya alama haina wa kuhojiwa.

Wengine watasema nimechagua mfano mbaya, kwamba Elion alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya biashara na kwamba kampuni hiyohiyo iliiuza AZT kwa bei ya kati ya dola 8,000 na 10,000 kwa mwaka ilipotoka, mpaka maandamano ya wagonjwa mwaka 1989 yakailazimisha kuishusha kwa asilimia 20. Kwa mgonjwa wa Bukoba au Kampala bei ile ilikuwa sawa na kuambiwa dawa haipo, na watu walikufa kwa maelfu wakati tiba ikiwa kwenye makabati ya nchi nyingine. Hasira hiyo ni ya haki nami ninayo. Lakini inaongeza nguvu kwenye hoja yangu. Athari ya mkemia huishia pale ambapo bei, sera na usambazaji vinaanza, na jamii isiyokuwa na wakemia wake wanaoelewa molekuli hiyo mpaka ndani hubaki kuomba. Uhindi iliweza kutengeneza ARV za bei nafuu zilizotufikia miaka ya 2000 kwa kuwa ilikuwa na wakemia wa kutosha, na sheria ya hataza iliyowaruhusu kufanya kazi hiyo. Uwezo huo ulijengwa kwa miongo ya watu waliokaa na tatizo moja.

Lipo pia pingamizi la kukata tamaa: kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri, na Mwafrika ahesabiwe makala tu kwa kuwa dawa hatatengeneza. Kelly Chibale anatosha kulijibu. Alizaliwa Zambia, akasoma kemia Chuo Kikuu cha Zambia, akapata uzamivu Cambridge, na tangu 1996 yuko Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako mwaka 2010 alianzisha kituo cha ugunduzi wa dawa kiitwacho H3D. Mwaka 2012 kituo hicho na shirika la Medicines for Malaria Venture walitangaza molekuli ya MMV048, yenye uwezo dhidi ya hatua kadhaa za maisha ya kimelea cha malaria, na mwaka 2014 ikaanza kujaribiwa kwa binadamu. Haikufika sokoni, uendelezaji wake ulisimamishwa kwa sababu za usalama. Kwa jicho la haraka hapo pana kushindwa. Mimi naona jingine. Kundi la wanasayansi wa Kiafrika limepita njia yote kutoka kwenye molekuli ya karatasini hadi kwa mgonjwa wa kujitolea, limejifunza kupima sumu, kutengeneza kwa wingi, kuandika majalada ya wadhibiti wa dawa, na watu hao wako kazini sasa hivi kwenye molekuli zinazofuata. Diaminopurini ya Elion nayo ilisimamishwa kwa sababu ya sumu.

Itasemwa pia kwamba namsifu mtu mmoja kwa kazi ya wengi. Nimewataja Hitchings, Falco, Schaeffer, Schwartz, Calne, Murray na Horwitz makusudi. Katika fani hii hakuna anayefika peke yake, na ndiyo maana swali la kumpima mkemia linapaswa kuwa: baada ya kazi yako, nani mwingine anaweza kufanya nini ambacho zamani hakuweza? Calne aliweza kupandikiza figo. Watafiti wa Uganda waliweza kupunguza vifo kwa kidonge cha bei ndogo. Vijana wa maabara ya Elion waliweza kuitambua AZT ilipopita mbele yao.

Swali hilo linajibika, na majibu yake yanaweza kuandikwa kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Mwombaji achague kazi tano tu, aeleze alichokikuta, alichokibadili na aliyekitumia baada yake, iwe ni mwanafunzi wake, wataalamu wa taasisi za utafiti wa tiba, NIMR ya Tanzania au KEMRI ya Kenya, kiwanda cha dawa au wakemia wa nchi nyingine. Molekuli iliyoshindwa ihesabiwe kama kazi, mradi sababu za kushindwa zimeandikwa kwa ukamilifu unaomwezesha mwingine asirudie kosa. Kipindi cha kupimwa kwa wanaotafuta dawa kirefushwe kutoka miaka mitatu hadi saba, pakiwa na ripoti fupi katikati ili uvivu usijifiche nyuma ya subira. Wanaojua kuendesha maabara lakini hawana uzamivu wapewe ngazi yao ya kupanda, yenye mshahara unaoeleweka. Kusoma kazi tano kwa makini kunachukua muda kuliko kujumlisha alama, hilo halifichiki, na wasomaji wa nje watahitaji kulipwa. Pa kuanzia ni idara za kemia na vitivo vya famasia vya Muhimbili, Nairobi na Makerere, ambako wanaotafuta dawa hawajawa wengi kiasi cha kushindikana kusoma kazi ya kila mmoja wao.